Mwenye Mti na Mwenye Zamu: Milki katika Pwani ya Haruku

Mkarafuu kwa asili si mti wa kwetu. Sisi Wapemba tumeulea, nao umetusomeshea watoto, umetujengea nyumba na kutuozea mabinti. Lakini kwao ni Maluku, mashariki ya Indonesia, katika visiwa vidogo vya Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kutoka huko ulienea kusini hadi Ambon na visiwa jirani. Mwaka 1770 watu wa Pierre Poivre, msimamizi wa Kifaransa wa kisiwa cha Morisi, waliitorosha miche yake, na mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu ukafika Unguja, kisha Pemba. Mimi nimekulia chini ya mikarafuu hiyo. Katika shamba la marehemu babu, ardhi ilikuwa yetu, lakini mikarafuu kadhaa iliyosimama juu yake ilikuwa ya watu wengine. Msimu ukifika walikuja na majamvi yao, wakachuma, wakachambua makonyo, wakaondoka, wala hapakuwa na maneno. Kwa hiyo nilipoanza kusoma historia ya vijiji vya pwani ya Maluku, nilitafuta kwanza jambo hilo: huko kwenye asili ya mti, nani alikuwa mwenye nini?

Kijiji kilichonifundisha zaidi ni Haruku, kwenye kisiwa chenye jina hilohilo, mashariki ya Ambon. Haruku, Saparua na Nusalaut kwa pamoja huitwa visiwa vya Lease. Kijiji huko ni negeri. Kiongozi wake huitwa raja, lipo baraza lake la wazee, na watu wamegawanyika katika makundi ya koo yaitwayo soa. Kila negeri ina eneo lake, petuanan, linaloanzia juu mlimani, likashuka bondeni, likapita kwenye nyumba, likaingia baharini hadi miambani. Ufukwe unaokauka maji yakitoka ni wa kijiji kama ulivyo msitu.

Ndani ya eneo hilo milki imepangwa tabaka juu ya tabaka. Nyuma ya nyumba kuna mashamba ya miti mchanganyiko, ambayo wenyewe huyaita dusun: misagu inayotoa unga wa chakula cha kila siku, minazi, midoriani, mikungumanga na mikarafuu. Dusun nyingine ni za ukoo mzima, zinarithiwa upande wa baba, na mtu mmoja hawezi kuziuza. Nyingine zilipandwa na babu fulani kwa jasho lake, na ni za kizazi chake peke yake. Binti hula matunda ya dusun ya ukoo wake akiwa hajaolewa, na akiolewa huenda kula ya ukoo wa mumewe. Anayepanda mti hupata haki juu ya mti hata kama udongo una mwenyewe. Mpemba akisoma haya hahitaji kuelezwa mara mbili.

Mwaka 1605 Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India iliwanyang'anya Wareno ngome ya Ambon. Mwaka 1621 gavana mkuu wake, Jan Pieterszoon Coen, alivivamia visiwa vya Banda na karibu kuwamaliza watu wa huko kwa ajili ya kungumanga. Zamu ya karafuu ikafuata. Kampuni ilitaka muuzaji awe mmoja na bei iwe yake, na miti ilikuwa mingi mno na imetawanyika mno kuweza kulindwa. Katika vita vya miaka ya 1650 kamanda wa Kampuni, Arnold de Vlaming, aliifyeka mikarafuu ya visiwa vingine, na kilimo kikabanwa katika Ambon na Lease peke yake. Kila mwaka misafara ya mashua ndefu za makasia, iliyoitwa hongi, ilizunguka visiwani kuikata mikarafuu iliyoota pasipo na ruhusa.

Wapiga makasia wa misafara hiyo walikuwa wanavijiji wenyewe. Mtu wa Haruku aliondolewa shambani kwake, akapiga kasia majuma kwa majuma, kwenda kuusimamia ukataji wa mikarafuu ya mtu kama yeye. Na hapo ndipo mambo ya milki yalipobadilika sura. Kikundi cha ndugu kilichowajibika kutoa mtu kiliitwa dati, na ardhi iliyowekwa kukilisha kikundi hicho ikaitwa ardhi ya dati. Haki ya kula shamba ilifungwa kwenye wajibu wa kupiga kasia. Kampuni iliamuru pia mikarafuu ipandwe pale mavuno yalipopungua, na ikaamuru ing'olewe ghala zilipojaa. Mkulima alikuwa na mti, lakini uamuzi juu ya mti ulikaa ngomeni. Ngome yenyewe, Nieuw Zeelandia, ilijengwa pale pale ufukweni Haruku.

Mwaka 1814, Waingereza wakiwa wanavishikilia visiwa hivyo kwa muda, ardhi za dati ziliandikwa katika madaftari, kijiji kwa kijiji. Waholanzi waliporudi mwaka 1817, watu wa Saparua waliinuka chini ya Thomas Matulessy, anayejulikana kama Pattimura, wakaiteka ngome ya Duurstede. Mwishoni mwa mwaka huo alinyongwa Ambon. Ukiritimba wa karafuu ulifutwa miaka ya 1860, na hongi zilikuwa zimekwisha kabla ya hapo. Lakini daftari la 1814 lilibaki. Hadi zama zetu familia za Ambon na Lease zinazogombania shamba hulipeleka mahakamani kama ushahidi. Karatasi iliyozaliwa na kazi ya shuruti imekuwa ngao ya wajukuu wa wale walioshurutishwa. Hili hunigusa kila nikilifikiria, maana linaonyesha jinsi wanyonge walivyoweza kuugeuza mpango wa mwenye nguvu ukawafaa wao.

Tabaka jingine la milki halikuandikwa daftarini na Kampuni yoyote, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Linaitwa sasi. Sasi ni kufunga: kijiji hutangaza kwamba kitu fulani, kiwe nazi, tunda au samaki, hakiguswi mpaka wakati wake. Mwenye mti habadiliki. Kinachozuiwa ni mkono wake mwenyewe kuuvuna kabla ya zamu. Walinzi wa sasi ni kewang, baraza linalotoka katika soa zote. Hutembea usiku kutoka soa hadi soa, baragumu la kombe likipulizwa, na amri za sasi zikisomwa kwa sauti ili asitokee wa kusema hakusikia.

Haruku ina sasi yake maarufu ya samaki mdogo aitwaye lompa, wa jamii ya dagaa. Mto Learisa Kayeli unamwaga maji yake hapo kijijini. Wazee husimulia kwamba mto huo ulikuwa na mamba jike aliyewavusha watu mgongoni. Mamba wa kisiwa jirani cha Seram walimwita akapigane na nyoka mkubwa, akamshinda, na katika zawadi alizorudi nazo walikuwemo lompa. Ndivyo samaki hao walivyopata kwao. Vifaranga huonekana ufukweni Haruku mnamo Aprili na Mei, na hapo sasi hufungwa. Mchana samaki hulala mtoni, usiku hutoka kwenda kula baharini. Kwa miezi ile yote ni marufuku kuwavua, marufuku kuwasha mashine ya boti mtoni, marufuku kuosha vyombo vya jikoni ndani ya maji yao. Mtu mzima akivunja hutozwa faini. Mtoto akivunja hupigwa fimbo tano za henzirani, moja kwa kila soa, kwa kuwa ameiba mali ya soa zote tano.

Siku ya kufungua, ngoma ya tifa hulia kabla ya alfajiri. Samaki wakishaingia mtoni, mdomo wa mto huzibwa kwa nyavu, na kijiji kizima huingia majini, wake kwa waume, na vikapu na nyavu za mkono. Wajane na mayatima hutengewa fungu lao.

Kwingineko kwenye kisiwa hichohicho, katika kijiji cha Waislamu cha Kailolo, kuna ndege anayefukia mayai yake kwenye mchanga wa ufukweni nyakati za usiku na kuyaachia joto la jua. Mayai hayo si ya atakayewahi. Kijiji hunadi haki ya kuyafukua, na mshindi ndiye mvunaji kwa muda wake. Mchanga ni wa wote, haki ni ya mmoja, na muda una mwisho.

Serikali ya Jakarta nayo iliutikisa mpango huu. Sheria ya vijiji ya mwaka 1979 ilitaka nchi nzima iwe na kijiji cha muundo mmoja, raja na kewang wakakosa nafasi katika sheria hiyo. Hata hivyo kewang wa Haruku hawakuacha doria, na mwaka 1985 serikali hiyohiyo iliwatunuku Kalpataru, tuzo ya taifa ya mazingira. Mkuu wao, Eliza Kissya, alijulikana mbali na kisiwa chake kwa kazi hiyo. Karafuu zenyewe hazikupata bahati hiyo. Indonesia, nyumbani kwa mkarafuu, kwa miaka mingi ilikuwa ikinunua karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kretek. Wakulima wake walipokwisha kupanda za kutosha, miaka ya 1990 wakalazimishwa tena kumuuzia mnunuzi mmoja, shirika lililoongozwa na mtoto wa Rais Suharto, hadi lilipovunjwa mwaka 1998.

Nikiyaweka haya pamoja, naona kwamba kila mwenye nguvu aliyefika Maluku alikamata mti na bei, na kila mara wanakijiji walibaki na kile walichokilinda kwa zamu zao wenyewe. Sisi warithi wa mashamba ya karafuu hutumia miaka mahakamani tukiulizana mti ni wa nani. Watu wa Haruku waliongeza maswali mawili: unavunwa lini, na nani analala macho kuulinda. Familia inayogawana urithi leo Pemba ingefaa iyajibu yote matatu kabla ya kutia saini.