Pawa saplai: kutoka wati 63.5 mpaka wati 1000

Leo naleta historia ambayo haimo kwenye mtaala wowote ninaojiandaa kuufundisha: historia ya kile kiboksi cha chuma kilichoko nyuma ya kompyuta, kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Wengi hatukitazami mpaka kinuke moshi.

Tuanze mwaka 1977. Kabla ya hapo vifaa vingi vilitumia transfoma nzito ya chuma, na sehemu kubwa ya umeme iliishia kuwa joto. Apple II ilipotoka mwaka huo, mhandisi Rod Holt aliitengenezea pawa saplai inayowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa sana, hivyo transfoma ikawa ndogo na joto likapungua. Ilikuwa na wati 38 tu na haikuhitaji feni. Mbinu yenyewe haikuzaliwa Apple, maana miaka ya 1960 ilishatumika kwenye setilaiti, lakini kwa kompyuta ya nyumbani ilikuwa hatua kubwa.

Agosti 1981 IBM wakatoa PC yao ya kwanza. Pawa saplai: wati 63.5. Hapa naomba tusimame kidogo, maana siri yote iko kwenye mgawanyo. Laini ya volti 5 ilitoa ampea 7, yaani wati 35. Laini ya volti 12 ilitoa ampea 2, yaani wati 24. Zilizobaki zilikuwa chenji. Kwa nini volti 5 ndiyo iliyopewa nyingi? Kwa sababu prosesa ilikula volti 5, na volti 12 ilikuwa hasa ya mota za diski. Mwaka 1983 XT ikaja na diski kuu ya ndani, wati zikapanda hadi 130. AT ya 1984 ikafika 192.

Mwaka 1995 Intel wakaleta mpangilio wa ATX, ambao hadi leo ndio tunaofuata. Ukaongeza laini ya volti 3.3, na kompyuta ikaanza kuzimwa na programu yenyewe badala ya swichi ya kukata umeme moja kwa moja.

Mapinduzi yenyewe yakaja mwaka 2000. Pentium 4 ilipotoka, umeme wa prosesa ukahamishiwa volti 12 kwa plagi yake ndogo ya pini nne. Sababu ni hesabu ya kidato cha pili: wati 75 kwa volti 5 zinahitaji ampea 15, kwa volti 12 zinahitaji ampea 6.25 tu. Ampea zikipungua, waya haupati moto. Kadi za picha nazo zikafuata njia hiyo hiyo. Ile Voodoo ya 1996 ilijitosheleza kwa umeme wa soketi yake kwenye ubao, ila Voodoo5 5500 ya mwaka 2000 ilidai waya kutoka kwenye pawa saplai, na GeForce 6800 Ultra ya 2004 ikadai nyaya mbili, huku Nvidia wakishauri wati 480. RTX 4090 ya 2022 inakula wati 450 peke yake, sawa na zile PC za IBM saba! RTX 5090 ya 2025 inakula 575, na ushauri ni pawa saplai ya wati 1000.

Sasa kwa nini nawachosha na haya yote? Majirani zangu watatu hapa hosteli wamechanga bumu lao kuunga kompyuta ya gemu. Kadi wameshanunua, RTX 3060, na hela karibu yote imeishia hapo. Muuzaji mmoja akawaonyesha pawa saplai ya bei chee yenye "600W" kwa maandishi makubwa. Wakaipiga picha lebo, wakaniletea.

Sisi watu wa Historia tunafundishwa kukihoji chanzo: nani kaandika, na kwa faida ya nani? Tukaihoji lebo. Volti 5, ampea 40: wati 200. Volti 3.3, ampea 30: wati 99. Volti 12, ampea 18: wati 216. Jumla 515. Vilaini vidogo vilivyobaki haviongezi hata 20. Hiyo 600 imetoka wapi, Mungu anajua. Na baya zaidi, mgawanyo wake ni wa kabla ya 2000, umeme mwingi umelundikwa kule ambako siku hizi hakuna mlaji.

Hesabu ya mashine yao ni hii: kadi wati 170, prosesa kama 90, ubao, memori, diski na feni kama 50. Jumla 310, na 260 kati ya hizo ni za kadi na prosesa, yaani laini ya volti 12. Lebo inatoa 216. Gemu likikolea, mashine inazima. Hiyo ni bahati nzuri. Bahati mbaya ni pale saplai isiyo na kinga inapokufa na kuondoka na kadi, bumu la watu watatu likapotea kwa sekunde moja.

Mmoja akaruka upande wa pili: basi tununue ya 1000 kabisa. La hasha. Hazitadhuru, na wala hazitamaliza LUKU, kwa kuwa saplai huvuta kile mashine inachohitaji pamoja na kinachopotea njiani. Yenye ufanisi wa asilimia 80 ikitoa wati 300 huvuta 375 ukutani, iwe imeandikwa 500 au 1000. Ila mnalipia wati ambazo hamtazigusa. Nyinyi tafuteni ya 550 ya kweli, yenye ampea 40 au zaidi kwenye volti 12 na alama ya 80 Plus, mpango ulioanza 2004 wa kupima upotevu huo. Nafasi inayobaki ni ya zile sekunde ambazo kadi huvuta ghafla kuliko kawaida.

Na kwa wanaonunua mitumba ya Marekani: tazameni nyuma kama kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kwetu ni 230. Kikibaki kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlipuko kabla hujaona picha.

Kwa kifupi wadau, soma ampea za volti 12, zidisha kwa 12, ndo uamini. Maandishi makubwa ya mbele mwachie muuzaji.

Nawasilisha. Narudi kwenye desa.