Nzi wa Maembe

Msomaji, embe la Voi au la Taveta laweza kupendeza nje, kumbe ndani limejaa funza. Mwenye kuleta msiba huu ni nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Wakulima walikimbilia dawa. Lakini nzi hutaga chini ya ganda, na funza hushuka udongoni, ambako dawa ya majani haifiki. Tena wachache wanaosalimika ndio wanaozaa, na watoto wao hurithi usugu. Huko Taiwan jambo hili limekwisha kuthibitishwa. Kutokana na nzi hao, mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya, hadi 2021. Basi, okota kila embe lililoanguka, ulifukie shimoni kwa kina. Dawa peke yake haitoshi.