Misimbo ya matokeo katika mtihani wa nadharia ya urubani

Misimbo ya matokeo ni herufi na tarakimu zinazochapishwa kwenye karatasi ya matokeo ya mtihani wa nadharia ya urubani ili kuonyesha mada ambazo mtahiniwa alizikosa. Karatasi hiyo haimrudishii swali lenyewe, wala haimwambii alichagua jibu gani. Humpa alama ya jumla, na pamoja nayo safu ya misimbo. Mfumo unaojulikana zaidi ni wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, nao unafaa kueleweka Kigali kwa sababu safari ya Mnyarwanda kuelekea urubani mara nyingi hupita nje ya nchi. Esther Mbabazi, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa ndege za abiria, alianza masomo katika chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, akayaendeleza Florida kabla ya kurusha ndege za RwandAir.

Msimbo wa Marekani husomwa kutoka kushoto, kipande kwa kipande. Chukua PA.XI.A.K1. PA ni leseni inayotafutwa, yaani ya rubani binafsi wa ndege. XI ni eneo la kazi, ambalo hapa ni urushaji wa usiku. A ni jukumu lililo ndani ya eneo hilo. K1 ni kipengele cha kwanza cha maarifa: jinsi jicho la binadamu linavyofanya kazi gizani. Mahali pa K panaweza kukaa R, ambayo ni udhibiti wa hatari, au S, ambayo ni ustadi wa vitendo. Mwenye msimbo huo hufungua kitabu cha viwango vya leseni, ambacho FAA hukitoa bure, na kukuta mstari uleule kwa maneno kamili.

Haikuwa hivyo zamani. Misimbo ya awali ilianza na PLT ikifuatiwa na tarakimu tatu, na ilitafsiriwa kwa orodha ya pembeni isiyofungamana na yale ambayo mtahini angeyapima ndani ya ndege. Viwango vipya vilianza kutumika Juni 2016 kwa leseni ya rubani binafsi na kwa idhini ya kuruka kwa vyombo, na tangu Januari 2020 misimbo yake ndiyo inayochapishwa kwenye karatasi za matokeo. Hayo yalikuwa mageuzi ya maana. Kwa mara ya kwanza kosa la darasani lilielekeza moja kwa moja kwenye jambo litakaloulizwa siku ya mtihani wa vitendo.

Mtihani wa rubani binafsi una maswali 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Kwa hesabu hiyo mtu hufaulu kwa maswali 42, akiwa amekosa 18. Sheria ya Marekani haiyaachi hayo 18 yapotee. Kabla ya mtihani wa vitendo, mkufunzi lazima athibitishe kwa maandishi kwamba mwanafunzi sasa anazijua mada alizozikosa, na mtahini naye analazimika kuzigusa katika mahojiano ya ana kwa ana. Aliyeshindwa haruhusiwi kurudia mtihani mpaka mkufunzi amfundishe tena na kutia saini. Matokeo hudumu miezi 24.

Kuna mtego mmoja katika kuhesabu. Msimbo mmoja unaweza kusimama badala ya maswali mawili au zaidi yaliyokosewa, hivyo misimbo saba haimaanishi makosa saba. Linganisha idadi ya misimbo na alama. Mwenye asilimia 75 alikosa maswali 15. Akiona misimbo tisa tu, ajue kuna mada iliyomwangusha zaidi ya mara moja, na karatasi haimtajii ni ipi.

Hata hivyo upungufu mkubwa wa msimbo ni kwamba huonyesha mahali pa kosa bila kutaja chanzo chake. Mfano wa Kigali unalidhihirisha jambo hili. Tuseme mwanafunzi amepata PA.I.F.K2, yaani mambo yanayoathiri utendaji wa ndege, hali ya hewa ikiwemo. Uwanja wa ndege wa Kanombe uko futi 4,859 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 1,481. Kwa kipimo cha kawaida, joto la kimo hicho lingekuwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Mchana likifika nyuzi 27, tofauti ni 22, na kila nyuzi moja ya ziada huongeza takriban futi 120 kwenye kimo ambacho ndege huhisi iko. Hewa ya Kanombe basi huwa nyepesi kama ya futi 7,500. Injini ndogo isiyo na mashine ya kusukuma hewa hupoteza nguvu, ndege huhitaji njia ndefu zaidi, na kupanda kwake huwa kwa kusuasua. Njia ya kurukia ya Kanombe, yenye urefu wa mita 3,500, huweza kumficha mwanafunzi udhaifu wake, kwa kuwa ndege ndogo itaruka tu. Vilima vya mbele ndivyo vitakavyodai hesabu.

Sasa, kwa nini alikosea? Pengine hajui kabisa kanuni hiyo. Pengine anaijua lakini alisoma vibaya jedwali kati ya mistari miwili. Pengine anaamini hewa yenye unyevu ni nzito kuliko hewa kavu, jambo ambalo ni kinyume cha ukweli. Au Kiingereza cha swali kilimpiga chenga. Makosa haya manne hubeba msimbo mmoja, na kila moja lina dawa yake: la kwanza huhitaji kitabu, la pili penseli na majedwali mengi, la tatu mwalimu wa kubomoa imani potofu, la nne kusoma maswali kwa sauti na kuyaeleza upya kwa lugha anayoimudu. Kwa hiyo kazi ya kwanza, mara tu mtu anapotoka chumba cha mtihani, ni kuandika anachokikumbuka kuhusu kila swali lililomtatiza, kabla kumbukumbu haijafifia.

Misimbo ya hali ya hewa ina mkanganyiko wake. Mitihani ya Marekani hutoa mwonekano kwa maili na kanieneo kwa inchi za zebaki, ilhali taarifa za Kanombe, zinazotolewa kwa utambulisho HRYR, hutumia mita na hektopaskali. Saa za taarifa hizo ni za kimataifa, na Kigali iko mbele kwa saa mbili. Mwanafunzi wa Kigali anaweza kukosa swali kwa sababu ya vipimo tu, huku mawingu anayaelewa vizuri. Dawa nzuri ni kusoma taarifa ya HRYR kila siku na kutazama anga papo hapo, hasa kati ya Machi na Mei, majira ya ngurumo za alasiri.

Mifumo mingine haichambui kwa kina hicho. Ulaya hupanga mitihani ya marubani wa mashirika kwa masomo yenye namba, kama 010 kwa sheria za anga na 050 kwa hali ya hewa, na kila somo hudai asilimia 75. Kwetu, CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wenye makao Entebbe ulioanzishwa 2007, husaidia nchi wanachama kuoanisha kanuni na mitihani, huku leseni za Rwanda zikitolewa na mamlaka ya nchi, RCAA. Palipo na alama ya somo tu, mwanafunzi na mkufunzi wanaweza kukitumia kitabu cha viwango cha Marekani kama orodha ya ukaguzi: wapitie kipengele baada ya kipengele, na mwanafunzi akieleze kila kimoja bila kuangalia.

Kukariri hazina za maswali huharibu kipimo hiki chote. Jibu lililokaririwa huhesabiwa kuwa sahihi, msimbo hautokei, na mkufunzi hapati sababu ya kufundisha tena. Mtahini akimtaka mtu huyo akokotoe urefu wa njia unaohitajika kuruka kutoka Kanombe saa nane mchana, ndege ikiwa na watu wanne na matangi yamejaa, atalazimika kuanza somo hilo mwanzo.