Msitu Usio na Mti, Mtaa Usio na Kwale

Tuanze na kichekesho. Jina Kibera linatokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Kawangware nayo, husemwa, imebeba neno la Kikuyu ngware, na ngware ni ndege yule ambaye watu wa Pwani humwita kwale, yule aliyeipa jina kaunti ya Kwale. Kwa hivyo mitaa miwili ambayo Nairobi huitaja ikitaka kuzungumzia mabati na msongamano, mmoja ni msitu na mwingine ni makao ya ndege wa porini. Nenda leo ukamtafute kwale Kawangware. Utapata makanga tu, na hao hawaruki, wananing'inia mlangoni.

Mimi hukusanya majina ya namna hii. Ya barabara siyajali sana. Hayo yaliandikwa na ofisi, na ofisi ikiamka vibaya itayabadilisha. Napenda yale ambayo hakuna kikao kilichoyapitisha: Mashimoni, Kichinjio, Silanga, Gatwekera, Kisumu Ndogo. Mwanzoni niliyaandika kwa sababu yananichekesha. Siku hizi nayaona kama faili ya ardhi ya watu ambao hawakuwahi kufunguliwa faili.

Chukua Laini Saba. Ukiisikia haraka utadhani ni ya simu. Wazee husimulia kwamba hapo askari wa King's African Rifles walikuwa wakijifunza shabaha, na laini ni ile mistari ya kulengea. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902, na miongoni mwa askari wake walikuwamo wengi waliotoka Sudan. Hao ndio wazee wa Wanubi wa leo. Waliachwa wakae kwenye msitu ulio ukingoni mwa mji, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa la jeshi: ekari 4,197. Mahali walipewa, karatasi hawakupewa. Wakajenga, wakazika wafu wao, wakaviita vijiji Makina na Lindi. Mwaka 2017, karibu miaka mia moja baadaye, jamii hiyo ikakabidhiwa hati ya pamoja ya ardhi. Ekari 288.

Kwa muda huo wote katikati, mali yao kubwa ilikuwa jina. Hata uraia wao ulikuwa wa kubishaniwa. Kijana Mnubi akienda kutafuta kitambulisho alipelekwa kwanza mbele ya kamati ya kumhoji, na mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi. Hebu fikiria: babu wa babu yako ndiye aliyeuita msitu huo msitu, halafu wewe unaulizwa umetoka wapi.

Ndiyo maana nikisikia mtu akicheka ule ubishi wa Kibera na Kibra, mimi sicheki. Eneo bunge lililokatwa kutoka Lang'ata na kupiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2013 liliandikwa Kibra, bila e. Kwa mtu wa nje hiyo ni tahajia tu. Kwa Mnubi, ni ushahidi kwamba kabla ya mtu mwingine yeyote kupaita hapo kitu, wao walikuwa wameshapaita.

Lakini Wanubi si peke yao walioacha alama. Reli inayokata Kibera ni ile iliyofika Nairobi mwaka 1899 na ziwani, Kisumu, mwaka 1901, na watu wa kutoka upande huo wa ziwa wakajipunguzia safari: wana Kisumu Ndogo yao papo hapo. Halafu kuna Soweto, na hapa ndipo nilipocheka hadi dada aliyekuwa kando yangu akasogea. Soweto ya Johannesburg ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Wakubwa wa kizungu ndio waliolipitisha mwaka 1963, kavu kama anwani ya barua. Kibera ikalichukua, ikaligawa: Soweto Mashariki na Soweto Magharibi. Ukilifungua neno lote unapata Kusini-Magharibi ya Mashariki. Dira yoyote itachanganyikiwa. Ila wenyeji hawapotei, kwa sababu hawakulichukua kwa ajili ya dira. Baada ya wanafunzi kupigwa risasi kule mwezi wa Juni 1976, jina lilikuwa limeshabeba maana nyingine kabisa.

Kawangware ina historia tofauti, na majina yake yanaonyesha hivyo. Huko hapakuwa ardhi ya jeshi. Palikuwa upande wa Dagoretti, ndani ya ile iliyoitwa hifadhi ya Wakikuyu, na jiji lilipachukua mipaka yake ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Mashamba yalikuwa na wenyewe. Anayekuja kupanga chumba cha mabati hawezi kulibatiza shamba la mtu, basi anabatiza mahali anaposhukia gari. Muulize mtu wa Kawangware anakaa wapi. "Nashukia 46." Mwingine atakwambia 56, mwingine Congo.

Na hizo namba si za matatu kwa asili. Ni urithi wa mabasi ya Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza kazi mwaka 1934. Matatu zilikuja baadaye zikakuta namba zipo, zikazivaa. Matatu lenyewe ni neno la hesabu: nauli ya senti kumi tatu. Kwa hivyo kuna Mnairobi ambaye anwani yake ni namba ya basi, ndani ya mtaa wenye jina la ndege, na hufika nyumbani kwa chombo chenye jina la nauli. Posta haimjui. Makanga anamjua.

Wenye ramani na takwimu, kwa upande wao, walichelewa. Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani nyingi hadi mwaka 2009, vijana wa hapo hapo walipotembea na vifaa vya GPS kuichora wenyewe. Mwaka huo huo sensa ilihesabu watu 170,070 mahali ambapo dunia ilikuwa imezoea kusema milioni moja. Mimi simo kwenye ubishi wa hesabu. Ninachokiona ni kwamba mtu anaweza kukuzidisha mara sita bila kujua kijiji chako kinaitwaje.

Mwezi wa Julai 2018 tingatinga zilipita Kibera kufungua njia ya barabara kuu, na maelfu ya watu wakalala nje. Kwenye makaratasi, waliokuwa na hati walijulikana na wasio nayo walikuwa "wavamizi". Hapo ndipo jina linapoacha kuwa mchezo. Mtu anayesema "mimi ni wa Lindi, mama yangu alizaliwa Makina" anatoa maelezo ya umiliki kwa lugha pekee aliyoachiwa.

Basi ukiwa kwenye gari na ukasikia jina geni, uliza limetoka wapi. Kuhusu Congo ya Kawangware nimeshapewa hadithi tatu, kila msimulizi akiapa kwamba yake ndiyo ya kweli. Zote tatu nimeziandika, pamoja na jina la steji ambapo kila msimulizi alishuka.