Ritifaa iliyogeuka takataka: Safari ya herufi zetu katika tarakilishi

NAKUMBUKA siku nilipofungua mtandaoni orodha ya msamiati niliyokuwa nimeihariri kwa miezi kadhaa. Neno la kwanza kunikodolea macho lilikuwa “ngâ€™ombe”. Nikashuka chini: “ngâ€™ambo”, “ngâ€™oa”. Nikadhani ni virusi. Aliyeiandaa kurasa hizo akanijibu kwa wepesi: “Toa tu hizo alama, mwalimu. Watu wataelewa.”

Wataelewa nini? Ukiondoa ritifaa katika ng’oa, unabaki na ngoa, yaani wivu au tamaa. Mkulima anayeng’oa magugu hana uhusiano wowote na mtu aliyeshikwa na ngoa!

Kisa hiki kina historia yake. Tarakilishi haijui herufi; inajua namba tu. Ili iandike neno, sharti pawe na makubaliano kwamba namba fulani ni herufi fulani. Makubaliano hayo ndiyo tunayoyaita usimbaji. Mwaka wa 1963 Wamarekani walitoa mfumo wa ASCII, wenye nafasi 128 pekee. Uliwatosha waandishi wa Kiingereza.

Kwa bahati njema, ulitutosha na sisi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ilikuwa imesanifisha tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi zisizo na vialama juu yake. Hata ritifaa yetu ilikuwa na kiti chake, namba 39.

Wenzetu hawakubahatika. Hebu litazame jina la Ngũgĩ wa Thiong’o. Mnamo 1987 ulipotoka mfumo wa ISO 8859-1, wenye nafasi 256, lugha za Ulaya Magharibi ndizo zilizofikiriwa. Mfaransa alipata é yake, Mhispania ñ yake. Lakini ũ na ĩ za Kikuyu na Kikamba hazikuwamo. Hivyo mtu alilazimika kuandika “Ngugi” na kunyamaza.

Kisha Windows ikajaza nafasi ambazo mfumo huo haukuwa umezipa herufi. Namba 146 ikawa ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia hutubadilishia zenyewe kwa kisingizio cha kupamba. Kwingineko namba hiyohiyo haikuwa na alama yoyote ya kuonekana.

Wanaosoma miswada ya kale ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu wanalijua tatizo hili. Herufi moja ya “ba” iliweza kusimama badala ya b, p au mb. Msomaji aliyelijua utenzi alipita salama, mgeni alitatizika. Tofauti ni kwamba msomaji yule alitumia akili yake. Tarakilishi husoma tu kwa ufunguo iliopewa, hata ukiwa si wenyewe.

Suluhisho lilianza kupatikana mwaka wa 1991, toleo la kwanza la Yunikodi lilipochapishwa. Wazo lake ni kwamba kila herufi ya kila lugha iwe na namba yake isiyogawanwa na nyingine. Leo ĩ ni 297, ũ ni 361, na ritifaa iliyopinda ni 8217. Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike wakiwa mkahawani New Jersey, mfumo wa UTF-8 ulichorwa kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Katika mfumo huo herufi za ASCII hubaki na baiti moja moja, nyingine zikichukua mbili, tatu au nne.

Mnamo 1998 ikaja XML, lugha ya kuwekea matini lebo, na ndiyo niliyokuwa nimeitumia. Hapo ndipo kitendawili changu kinateguka. Ritifaa iliyopinda hukaa katika baiti tatu: 226, 128 na 153. Faili yangu ilikuwa ya UTF-8, lakini ilipogeuzwa kuwa ukurasa wa wavuti, ukurasa ulijitangaza kuwa wa ule usimbaji wa Windows. Kila baiti ikasomwa peke yake, zikazaliwa â, € na ™. Matini yenyewe ilikuwa nzima. Tangazo ndilo lililokuwa la uongo. Kurekebisha mstari mmoja kulitosha.

Kwa hivyo, kabla ya kufuta chochote, tambua kwanza ugonjwa. Ukiona “NgÅ©gÄ©”, baiti bado zipo. Zimesomwa vibaya tu. Ukiona kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza, programu ilitarajia UTF-8 ikakutana na kitu kingine. Kisanduku kitupu mara nyingi humaanisha fonti haina herufi hiyo. Lakini ukikuta “Ng?g?” ndani ya faili yenyewe, aghalabu herufi imeshatupwa. Hapo hakuna dawa ila kurudi kwenye nakala ya awali.

Kisha uliza maswali matatu: Faili imehifadhiwa kwa usimbaji gani? Yenyewe inajitangaza kuwa ya usimbaji upi? Programu inayoigeuza inatoa upi? Majibu yakipishana, umempata mwizi. Usikubali kuhifadhi upya matini iliyokwisha kuharibika, maana utaliganda kosa juu ya kosa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mafundi, si ya wanalugha. Sikubaliani nao. Anayetafuta “ng’ombe” katika hifadhi iliyojaa “ngâ€™ombe” ataambiwa neno hilo halipo. Na mwanafunzi ambaye jina lake limeandikwa kwa alama za kuuliza kwenye cheti hakosewi na mtambo. Amekosewa na mtu aliyesema, “Watu wataelewa.”