Kung'aa na kuwa mweupe ni mambo mbili: ndimu, nkula na ngozi ya wamama wetu

Tumezoea kuandika juu ya ndoa, ngoma na vyakula vya mababu. Mara hii tunaingia mu chumba cha kuogea. Sababu iko: katika masoko yetu, iwe Kadutu ku Bukavu ao Kenya ku Lubumbashi, dawa za kusafisha uso zinauzwa mu vichupa vidogo, na nyingi zimechanganywa na maji ya ndimu ao papai. Muuzaji anasema neno mbili. La kwanza: ni matunda tu, haiwezi kuumiza. La pili: ni desturi yetu, bibi zetu walifanya vile. Wasichana wetu wanaamini yote mbili, na kuna wenye wanalipa kwa ngozi ya uso wao. Basi tuyapime maneno hayo.

Tuanze na bibi zetu. Rangi ya uzuri katika sehemu nyingi za Kongo haikukuwa nyeupe. Ilikuwa nyekundu. Mti mwekundu unaoitwa nkula kwa Waluba, na wenye kusema Lingala wanauita ngola, ulisagwa juu ya jiwe mpaka ukawa unga, ukachanganywa na mafuta ya mawese, ukapakwa mwilini. Bibi-arusi alipakwa, na mama aliyetoka kuzaa alipakwa. Ngozi ilikuwa laini na iling'aa ku jua kama shaba. Huko milimani kwenye ng'ombe, siagi ndiyo ilifanya kazi ya mawese. Nyeupe nayo ilikuwa na kazi yake, lakini ingine kabisa. Pemba, ule udongo mweupe, mganga wa Kiluba aliupaka juu ya kukutana na mizimu. Kwa Wakongo wa magharibi, Mpemba ni jina la nchi ya wafu. Mwenye kujipaka nyeupe alikuwa anaongea na wasioonekana. Hakuwa anatafuta bwana.

Na ndimu? Ndimu yenyewe ni mgeni. Asili yake ni Asia, na huku mashariki ilikuja pamoja na wafanya biashara wa pwani waliopita Tabora na Ujiji, wakafika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, wakapanda mipunga na miti ya matunda penye walikaa. Papai na nanasi nazo zilitoka Amerika, Wareno wakazivusha bahari. Hatusemi hivi juu ya kuzidharau. Muhogo nao ulitoka Amerika, na nani leo atatuambia fufu si chakula chetu? Tunasema tu kwamba mwenye kuuza chupa na kuapa kwa jina la mababu, amefanya haraka.

Ndimu ilipofika, wamama waliijua upesi, kwa sababu iko na nguvu inayoonekana. Sufuria ya shaba yenye kuchakaa, uisugue na ndimu na chumvi kidogo, inarudi kama mpya. Mikono inayonuka samaki, ndimu inaondoa harufu. Kwapani vilevile. Kisigino kigumu na kiwiko cheusi vilisuguliwa na ganda la ndimu lililokamuliwa, na huko Goma jiwe la volkano lenye matundu linamaliza kazi. Angalieni vizuri mahali palipotajwa: mikono, kwapa, kisigino, kiwiko. Ni mahali pa uchafu na pa ngozi ngumu. Uso haukuwa kwenye orodha, na neno lililotumiwa lilikuwa kutakata, kung'aa. Mtu mweusi sana aling'aa, na watu walimsifu.

Ni wapi basi kung'aa kuligeuka kuwa mweupe? Sisi tunaona sabuni iko na sehemu yake. Katika miaka ya 1880, sabuni ya Pears huko Uingereza ilitangazwa kwa picha ya mtoto mweusi anayeogeshwa. Anatoka ndani ya maji mwili mweupe, kichwa tu kimebaki cheusi. Wazungu walicheka. Lakini fundisho lilikuwa ndani ya kicheko: weusi ni uchafu, sabuni inautoa. Kisha mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilipatana na William Lever, mtengenezaji wa sabuni ya Sunlight, akapewa mashamba makubwa ya ngazi mu Kongo. Yaani mawese yetu, yale yale ya kupakia nkula, yalikwenda kuwa sabuni ya wengine, na wababa zetu ndio walipanda miti kukata ngazi, mara nyingi kwa kulazimishwa.

Halafu ikaja kemia. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika kiwanda kimoja cha ngozi za wanyama huko Marekani, wafanyakazi weusi waliona mikono yao inapoteza rangi. Sababu ilikuwa dawa iliyotiwa ndani ya glavu za mpira, ndugu wa dawa inayoitwa hidrokinoni. Ilikuwa ajali ya kazini. Wengine waliona biashara. Katika miaka ya 1960 na 1970 kreme za hidrokinoni, kama Ambi, ziliuzwa sana Afrika ya kusini na ya kati. Mwaka 1975 waganga wa Afrika Kusini waliandika juu ya wanawake waliotumia kreme hizo kwa muda mrefu: mashavu yalikuwa yamegeuka bluu-nyeusi, na rangi ile haitoki. Afrika Kusini iliikataza mwaka 1990, Umoja wa Ulaya mwaka 2001 katika vipodozi, na jirani yetu Rwanda ilianza kuziondoa kwa nguvu madukani mwaka 2018.

Sasa watu wameogopa kreme, na muuzaji ameogopa pia. Ndipo ndimu inarudi, safari hii juu ya uso.

Asidi ya matunda si uongo. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliitoa safi ndani ya ndimu mwaka 1784. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Van Scott na Yu, walionyesha kwamba asidi za namna hii, kama ya maziwa yaliyochacha na ya matunda, zinalegeza gundi inayoshika ngozi iliyokufa, nayo inabanduka polepole. Walikuwa wanatibu wagonjwa wenye ngozi ya magamba. Hawakuwa wanatafuta kufanya mtu mweupe, na asidi ile haifanyi hivyo: inatoa vumbi la juu, rangi ya chini inabaki yako.

Lakini kuna kipimo. Ngozi ya mtu ina pH ya karibu 5. Kreme nzuri ya asidi inatengenezwa isipungue 3,5. Maji ya ndimu ni 2,5 ao chini yake, ndiyo kusema ukali wake unapita wa ngozi mara 300 na zaidi. Ukiyaacha usoni usiku kucha, unajichoma. Tena ganda la ndimu lina kitu kinachoshirikiana na jua. Mtu amekamua ndimu, ametoka inje saa sita, kesho ana malengelenge, na baadaye mabaka meusi yanakaa miezi. Alitafuta kung'aa, akapata doa. Bibi zetu walioga jioni, wakitoka shambani, wakajimwagia maji mengi, kisha mawese. Jua lilikuwa limekwisha kutua.

Papai nalo linafanya kazi ingine, si kwa asidi. Utomvu wa papai bichi una papaini, ambayo inakula nyama. Watu wa upande wa Beni wanaijua vizuri kupita sisi wote: kwa miaka mingi wamekwaruza mapapai mabichi asubuhi, wakakinga maziwa yale meupe, wakayakausha, yakauzwa Ulaya kulainisha nyama na kusafisha bia. Waulizeni wakulima wale kama papai haiumizi. Mwenye kukinga utomvu bila kufunika mikono, ngozi ya ncha za vidole inalika mpaka nyama nyekundu inaonekana, na hata chumvi ya sombe inamfanya arudishe mkono.