Hanang wa Chuma

Ukitoka Maisaka ukashika barabara ya Singida, unafika mahali ambapo mlima Hanang unasimama mbele ya gari na hauondoki tena mpaka Katesh. Sisi wa Babati tunaujua vizuri, na tangu Desemba 2023 tunaujua pia kwa tope lililoshuka likaua watu. Ila wachache wanajua kwamba kulikuwa na Hanang mwingine, wa chuma, namba 5910.

Huyo alikuwa kichwa cha treni. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda vichwa 34 vya mvuke, aina ya Garratt, kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Kwenye reli za upana wa mita moja, dunia haijapata kuona kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi. Vikapewa majina ya milima yetu: Kenya, Meru, Rungwe, Oldeani, Hanang. (Kundi lililotangulia lilipewa majina ya magavana. Baada ya uhuru yakabanduliwa, milima ikaachwa.)

Kazi ya vichwa hivi ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Yaani jina la mlima wetu lilikwenda Kenya kufanya kazi, wakati reli yenyewe haijafika Babati mpaka leo. Upande wa kaskazini iliishia Arusha.

Kisha dizeli ikaingia, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na kufikia 1980 mvuke ulikuwa umekwisha kwenye njia kuu. Hanang akakatwa vyuma chakavu pamoja na wenzake. Kati ya 34 wamebaki wawili, wote wamo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na wote wana majina ya milima ya Tanzania: 5918 Gelai, mlima ulio kando ya Ziwa Natron, na 5930 Shengena wa Upare. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Gelai alifufuliwa akavuta treni za watalii. Shengena amebaki baridi.

Tofauti ya ndugu hawa wawili imo mikononi mwa mafundi. Kichwa cha mvuke hakiwashwi kama basi. Moto unaanza kidogo kidogo, saa nyingi kabla ya safari, ili mabamba ya boila yatanuke kwa pamoja. Ukiwa na haraka, viungo vinaachia. Maji nayo ni adui: kama birika linavyoshika magamba meupe kwa maji ya chumvi, ndivyo boila linavyoshika, na gamba likinenepa chuma kinaungua. Kwa hiyo kila baada ya muda linapozwa, vizibo vinafunguliwa, linaoshwa. Gelai anatumia mafuta mazito, si makaa, hivyo mabomba yake yanajaa masizi. Dawa yake ni mchanga: mchochea moto anautupa kwenye tanuru, moshi unauvuta, nao unakwangua mabomba ukipita.

Garratt ana taabu ya ziada. Boila limening'inia katikati ya mitambo miwili yenye magurudumu yake, na mvuke unafika huko kwa mabomba yenye viungo vinavyopinda kila treni ikikata kona. Viungo hivyo vinavuja. Na kipuri hakiagizwi, maana kiwanda cha Manchester kilifungwa mwaka 1966. Kinachongwa upya karakanani, na mtu anayejua kilivyokuwa.

Hapo ndipo ninapoogopa. Aliyekuwa na miaka 20 mvuke ulipokoma mwaka 1980 sasa amepita 60. Michoro inaweza kuhifadhiwa, lakini sehemu kubwa ya ufundi huu ni sikio. Kati ya ukuta wa tanuru na ukuta wa boila kuna vyuma vifupi vingi vinavyozishika kuta zisiachane. Vinakaguliwa kwa kugongwa nyundo kimoja kimoja: kizima kinalia, kilichokatika kinatoa mlio mfu. Fundi mzee anagonga, anatega sikio, anaweka alama ya chaki. Kijana aliye pembeni anatega naye, na kwake milio yote bado ni ileile.